Mwezi wa Jumapili Tano

Naanza kwa Mwenye enzi,
mtia nyoyo mapenzi,
apate kunipa tenzi
za kweli nisipotee.

Niwape wenye subira
habari yenye ibura,
ya mwana mwenye sitara
dirishani angojee.

Ama baada ya kumtaja Mola, aliyeziumba nyoyo mbili mbili kisha akazitenga kwa reli na milima ili zijue thamani ya kukutana, inatupasa tuwapange watu wa kisa hiki kwa daraja zao, mkubwa atangulie na mdogo afuate.

Wa kwanza ni Hopkin Prosser, mshona matandiko ya farasi katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, mwaka wa elfu moja mia nane themanini na tisa. Alitoka Wales angali kijana, mkononi ana msharasi wa babake, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, na kifuani ana nyimbo za kanisa. Kanisani kwao alikuwa shemasi, tena ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo, na wenziwe wakamfuata kama kondoo wanaoijua sauti ya mchungaji. Jumapili nyumbani kwake ilikuwa na ukuta pande zote. Viatu hung'arishwa Jumamosi, viazi humenywa Jumamosi, na gazeti la Jumatatu halikuvuka kizingiti chake kamwe, kwa sababu herufi zake zilipangwa Jumapili na watu waliostahili kuwa ibadani. Waumini wenzake waliishika desturi hiyo, baadhi yao kwa kumcha Mungu na baadhi yao kwa kumcha Hopkin.

Wa pili ni dadake, Bibi Marged, mjane aliyeitunza nyumba hiyo tangu mke wa Hopkin kufariki. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu cha ngozi.

Wa tatu ni Bwana Theophilus Gethin, muuza siagi na jibini, naye amefiwa na mke, mwenye duka lenye madirisha mawili ya vioo na mashavu yaliyong'aa kama bidhaa yake. Huyu alikwisha kupeleka posa.

Wa nne ni Idwal Bevan, mdakaji katika klabu ya besiboli ya mji ule, iliyoitwa Soksi za Kijani. Mdakaji ndiye achutamaye nyuma ya mpigaji na kuupokea kila mpira ambao gongo limeukosa, nao huja na nguvu zote za mrushaji. Wadakaji wa zama zile walijulikana hata wakiwa wamevaa suti ya harusi, kwa vidole vyao. Vya Idwal vilikuwa vimevunjika na kuunga vyenyewe, hiki kikielekea mashariki na hiki magharibi, mfano wa mizizi ya mti uliopandwa penye mawe.

Wa tano ni Gwenllian, binti wa Hopkin. Nimemweka mwisho kama sonara awekavyo kito, pete ikiwa tayari. Alishona hatamu na lijamu dukani kwa babake, na macho yake ya kijivu hayakuwa na adabu ya kuficha kitu.

Mwishoni mwa Agosti Idwal alikuja kumposa. Hopkin hakumkaripia wala hakumkaribisha. Alimwambia, akiwa amesimama mlangoni pa duka, mbele ya dadake na binti yake:

"Kijana, sina ugomvi na mpira wako. Nina ugomvi na siku mnayouchezea. Nyumba ambayo haijavunja Sabato haitoi mke kwa mvunja Sabato. Septemba hii ina Jumapili tano. Zipite zote hujacheza, tutazungumza kama baba na mwana. Bwana Gethin naye nimemwomba asubiri mpaka mwezi uishe."

"Nimesikia, Mzee Prosser," alisema Idwal.

"Kusikia kila mtu anasikia."

"Nimekubali."

Siku ya pili ya mwezi klabu ikaondoka kwa treni kwenda kucheza miji ya mbali, na Gwenllian akaanza kuishi maisha ya mtu aliyekalia sindano. Akishona, uzi hukatika. Akitia chumvi, husahau na kutia tena. Kila treni iliyopiga filimbi upande wa magharibi ilimwinua kitini, naye akajifanya amekwenda kufunga dirisha.

"Hilo dirisha litachoka," alikuwa akisema Bibi Marged. "Keti, mwanangu. Filimbi hiyo ni ya treni ya makaa ya mawe. Huyo wako jua limemchoma kiasi, lakini si makaa."

"Shangazi, nimesikia upepo."

"Upepo huo una jina, nao una vidole vibovu."

Jumapili zikapita, moja baada ya nyingine, na kila Jumanne, gazeti la halali lilipoingia nyumbani, Hopkin alilisoma polepole, ukurasa wa michezo akiuacha mwisho kana kwamba amekutana nao kwa bahati. Habari zikawa njema. Katika michezo ya Jumapili alidaka kijana mwingine, Mjerumani aitwaye Lorenz Hauck, na jina la Bevan halikuwamo. Hopkin alilikunja gazeti. Lakini Gwenllian, aliyekuwa akiusoma uso wa babake kama wengine wasomavyo mawingu, aliona ukali umepungua kwenye nyusi.

Ikabaki Jumapili ya tano, na mchezo wa siku hiyo ulikuwa Cincinnati.

Jumatatu asubuhi, tarehe ya mwisho ya mwezi, Gwenllian alitoka uani kupokea maziwa. Muuza maziwa alikuwa Mwairishi, Tierney, mtu asiyeweza kushika siri wala kopo bila kumwaga.

"Dada Prosser," alisema, "leo nakupimia na nyongeza. Kijana wako jana ametuokoa."

Gwenllian alilishika jagi kwa mikono miwili. "Ametuokoa vipi?"

"Hujasoma? Aa, nimesahau, ninyi Jumatatu ni vipofu. Yule Mjerumani kapigwa mdomoni, kaanguka. Bevan karuka uzio na koti lake la kanisani, kadaka zamu mbili za mwisho, tumeshinda. Mkononi alikuwa na kitu kama mto wa kulalia. Watu wa Cincinnati wakamzomea, 'Mlete na blanketi.' Lakini hakuudondosha hata mmoja, dada yangu. Hata mmoja."

Gwenllian alirudi ndani na jagi lake. Mto wa kulalia aliujua. Aliujua kuliko Tierney, kuliko Cincinnati nzima. Akaweka maziwa mezani, akaenda dirishani, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena.

Alasiri, muda wa chai ukikaribia, lango la uani likalia. Idwal alikuwa amesimama pale na mkoba wake wa safari, ametoka stesheni moja kwa moja. Jua la mwezi mzima lilikuwa limemkausha. Walitazamana. Kisha Gwenllian akamvuta nyuma ya banda la ngozi.

"Najua," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Maziwa yamenambia. Idwal, nisikilize, hatuna muda. Baba hajui. Gazeti la leo haliingii humu, na shangazi hatoki mpaka kesho. Bwana Gethin amealikwa chai, na Baba anataka kutoa jibu mbele yake. Akikupa neno leo mbele ya watu, halirudishi. Unamjua. Hata akija kusikia kesho, atakunja uso mwaka mzima, lakini neno atakuwa amelitoa."

"Kwa hiyo ninyamaze."

"Unywe chai. Mtu akinywa chai hasemi uongo."

Idwal alitazama vidole vyake. "Jana niliwaza hivyohivyo, Gwen. Nilitoka ibadani, nikapita uwanjani. Nikajiambia kutazama si kucheza. Nikakaa. Baadaye nikajiambia kumsaidia mtu si kucheza. Nikavaa glavu. Sasa nijiambie kunyamaza si kudanganya?"

"Jiambie unanipenda."

"Hilo sijiambii. Hilo naamka nalo."

Gwenllian aligeuza uso. Alikuwa na ghadhabu, na ghadhabu yake ilikuwa inataka kulia. "Mwezi mzima nimekaa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila filimbi ya treni ni wewe. Kila mtu akibisha hodi ni habari kwamba mpira umekuvunja kichwa. Na sasa umefika, umesimama mbele yangu, unaniletea mafundisho ya shule ya Jumapili. Unajua nini kitatokea ukisema? Nitauza siagi maisha yangu yote."

"Na nisiposema, utaolewa na mtu ambaye baba yako alimpokea bila kumjua."

"Mimi namjua. Haitoshi?"

 Idwal aliunyosha mkono wake, vile vidole vilivyopinda, akamgusa kwenye mwanzo wa nywele, penye kovu dogo la utotoni ambalo alikuwa amelifikiria katika kila behewa tangu mwezi uanze. Kutoka ndani sauti ya Bibi Marged ikasikika:

"Gwenllian, kama huyo ni paka huko nyuma ya banda, mwambie chai iko tayari. Mwambie na paka apanguse miguu."

Mezani palikuwa na mkate wa zabibu, siagi iliyoletwa na Bwana Gethin mwenyewe, na vikombe vya marehemu mama yake Gwenllian vilivyotolewa kwa siku kubwa tu. Hopkin alikaa penye kichwa cha meza. Gethin alikaa kuliani kwake, tayari ametabasamu. Idwal alipewa kiti cha upande wa pili, mkoba wake ukawa chini ya miguu. Saa ya ukutani iligonga kumi. Treni ya klabu, iendayo Baltimore kwa michezo ya mwisho, ilikuwa iondoke saa kumi na mbili.

"Umekonda, Bevan," alisema Gethin.

"Ni vyakula vya hotelini, bwana."

"Na hasa Cincinnati. Nasikia kule watu wanapata njaa ya ghafla siku za Jumapili." Akapaka siagi mkate wake taratibu. "Mimi, kama Mzee Prosser, gazeti la Jumatatu silisomi. Ila nalifungia siagi. Sasa macho ya mtu yatakwenda wapi wakati mikono inafunga?"

"Yangefumbwa," alisema Bibi Marged. "Mimi yangu huyafumba nikimtazama mtu anayetafuna huku anasema."

Hopkin hakuucheka mzaha huo. Aliweka kikombe chake kwenye kisahani, akajisafisha koo kama afanyavyo kabla ya kuanzisha wimbo, na Gwenllian akaona kwamba wakati umefika.

"Nilitoa sharti mwanzo wa mwezi," alisema Hopkin. "Leo mwezi umekwisha. Nimesoma magazeti kila Jumanne, na sikuona la kumlaumu kijana huyu; ya jana namwamini mwenyewe. Mimi si mtu wa maneno mengi. Mtu akitimiza, hupewa. Kwa hiyo, Bwana Gethin, naomba radhi kwako, na kwako wewe Idwal Bevan nasema..."

Macho ya Gwenllian yalikuwa juu ya Idwal, na yalisema kila kitu ambacho mdomo wake ulikatazwa kusema. Kunywa. Kunywa chai yako.

Idwal alikiweka kikombe chini.

"Mzee, usiseme bado," alisema. "Nilicheza jana."

Kijiko cha Bibi Marged kiligusa sahani. 

"Jana," alisema Hopkin.

"Lorenz Hauck alipigwa na mpira mdomoni. Uligusa gongo, ukabadili njia. Meno mawili yalikwenda palepale. Kijana wa miaka kumi na tisa, damu inamchuruzika hadi shingoni, na nahodha anamwambia arudi nafasi yake kwa sababu mdakaji mwingine hayupo. Nilikuwa nimekaa na watazamaji. Nikaingia."

"Ulikuwa unafanya nini uwanjani siku ya Jumapili?"

"Kutazama."

"Aha."

"Hopkin," alisema Bibi Marged kwa upole usiokuwa wa kawaida yake, "hata Bwana wetu alisema, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, mwenyewe atamtoa."

"Alisema hivyo, Marged. Na ng'ombe akishatoka kisimani, mtu hurudi nyumbani. Huyu amemtoa ng'ombe, kisha akamfunga jembe akalima mpaka jua likatua." Akamgeukia Idwal. "Mlishinda?"

"Tulishinda."

"Ulifurahi?"

Hili ndilo swali ambalo Idwal hakulitarajia. Gwenllian aliona kidole gumba chake kikisugua ukingo wa meza, huku na huku.

"Nilifurahi," alisema. "Siwezi kukuficha. Nilifurahi sana. Usiku wenzangu walipanda treni, mimi sikupanda, kwa vile ilikuwa bado Jumapili. Nikalala stesheni, nikaja na ya asubuhi."

Gethin akacheka kwa pua. "Ng'ombe mzima umemla, kijana. Mkia ndio umekushinda."

"Ni kweli, bwana," alisema Idwal. "Umenishinda."

Hopkin alikisogeza kikombe chake pembeni. Alikuwa mtu mrefu, na alipoinamisha kichwa ilikuwa kama mti umeinamishwa na theluji. Gethin alijipangusa midomo, akaiweka leso yake mezani kwa uangalifu wa mtu anayemaliza biashara.

"Basi, Mzee Prosser, sipendi kufurahia anguko la mwenzangu, lakini mwezi umekwisha kama ulivyosema. Nami jibu langu..."

"Baba," alisema Gwenllian.

Alikuwa amesimama. Hakuwa amepanga kusimama. Aliinama chini ya meza, akaufungua mkoba wa Idwal kana kwamba ni wake, akatoa kile kitu ambacho Cincinnati ilikizomea, akakiweka juu ya kitambaa cheupe, kati ya mkate wa zabibu na siagi. Ilikuwa glavu ya mkono wa kushoto, nene, imejazwa, ya mviringo kama mkate. Upande wa chini mshono ulikuwa umefumuka, na singa nyeusi za farasi zilikuwa zimechungulia nje.

Idwal alisema kwa sauti ndogo, "Gwen, usifanye."

"Nawe umesema ulichonacho. Niache." Akamkabili babake. "Ngozi ni ya kwetu. Singa ni za kwetu. Mkono ni wangu. Nilimpa asubuhi waliyoondoka, nikamwambia asiponivalia hii asirudi, kwa maana sitaki mume wa kulishwa kwa kijiko. Hakujua niliishona lini. Niliimaliza Jumapili, Baba. Jumapili ya kwanza. Wewe ulikuwa kwenye kikao cha mashemasi, na shangazi amelala."

"Sikuwa nimelala," alisema Bibi Marged. "Nilikuwa nimefumba macho."

Hopkin aliichukua glavu. Aliitazama kwa macho ya dukani, si ya kanisani. Aliipindua. Akapitisha kidole juu ya mshono, hatua kwa hatua, kama kipofu anayesoma.

"Hii ni ngozi ya tandiko la daktari," alisema. "Ile iliyobaki."

"Ndiyo."

"Umetia nta uzi mara mbili. Vizuri. Umeanza vizuri. Hapa kwenye gumba ningekufundisha njia nyingine, lakini si mbaya." Kidole kikaenda, kikafika penye mfumuko, kikasimama. "Na hapa mishono inarefuka. Mmoja, miwili, mitatu, na fundo halikurudiwa."

Akainua macho.

"Hapa ulisikia lango."

 Gwenllian aliitikia kwa kichwa.

"Niliingia nikakukuta na Zaburi," alisema Hopkin. "Kitabu kichwa chini, miguu juu. Nikajisemea, ni mapenzi, atapona. Nikakusamehe bila kujua nasamehe nini."

Gethin alikohoa. "Mzee Prosser, haya ni majonzi ya nyumbani kwako, siyaingilii. Nauliza tu kuhusu jibu."

"Jibu si langu kulitoa," alisema Hopkin. "Muulize mwenyewe. Yupo."

"Bwana Gethin," alisema Gwenllian, "nakuheshimu, na siagi yako ni nzuri. Jibu langu ni hapana. Lingekuwa hapana hata mwezi ungekuwa na Jumapili moja."

Yule bwana aliinuka. Hakuwa mtu mbaya, ila mtu aliyezoea mizani kuinamia upande wake. Alichukua kofia yake, akamwinamia Bibi Marged, na mlangoni akageuka kana kwamba ana neno la mwisho.

"Siagi iache," alisema Bibi Marged.

Akaiacha.

Saa ikagonga kumi na moja. Idwal naye alisimama na kuuchukua mkoba wake, kwa kuwa hakuona tena sababu ya kukaa. "Mzee," alisema, "sina la kujitetea. Nilikubali sharti, nikalivunja. Naomba tu usimkasirikie yeye kwa ajili ya mkono wangu."

"Keti," alisema Hopkin.

"Treni..."

"Nimesema keti. Marged, niletee msharasi na uzi wa tandiko. Leo ni Jumatatu, siku ya kazi."

Vikaletwa. Hopkin akauvuta uzi juu ya nta, mara moja, mara mbili, mara tatu, na Gwenllian akatazama saa, kisha mlango, kisha mikono ya babake ambayo haikuwa na haraka yoyote duniani. Hopkin akazirudisha singa ndani kwa kidole gumba, akatoboa, akapitisha, akavuta.

"Baba, ataachwa."

"Mshono hauharakishwi. Ule wa haraka tumeshaona ulikofika." Akatoboa tena. "Yule Lorenz. Meno yake."

"Mawili ya mbele," alisema Idwal.

"Ana mama?"

"Yuko Zanesville."

"Mama yake anajua?"

"Nilimwandikia leo asubuhi, stesheni."

Hopkin akavuta uzi. Bila kuinua kichwa akasema: "Nilitamka neno mwanzo wa mwezi, na sina desturi ya kula maneno yangu. Nilisema, nyumba ambayo haijavunja Sabato haitoi mke kwa mvunja Sabato. Hivyo ndivyo, Marged?"

"Hivyo ndivyo. Nilikuwa macho."

"Basi nyumba hiyo haipo tena. Niliisifu siku za Agosti, na kabla Septemba haijamaliza siku yake ya kwanza, ilikuwa imeanguka, nami nikala chakula cha jioni juu ya magofu yake na kushukuru. Sina nyumba ya kumnyimia mtu binti. Nina hii tu iliyobaki."

Gwenllian alikaa polepole.

"Msifurahi bado," alisema Hopkin. "Idwal akirudi kutoka huko Baltimore, Alhamisi ya kwanza kuna kikao cha waumini. Mtasimama mbele yao ninyi wawili, pamoja, kila mmoja aseme Jumapili yake. Huenda wakatutenga kwa muda. Si jambo dogo. Watu watatazama."

"Tutasimama," alisema Idwal.

"Nami nitasimama wa tatu. Singa zimetoka dukani kwangu." Akarudia fundo, mara mbili, akakata uzi kwa meno. "Baada ya hapo, watu waliosimama pamoja mahali kama pale, sioni ni mwenye duka gani atakayewatenganisha."

Akaisukuma glavu juu ya meza. Idwal alitia mkono wake wa kushoto ndani yake, akaukunja, akaukunjua. Hopkin akautazama ule mwingine, wa kulia, uliobaki wazi na vidole vyake vya mashariki na magharibi, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaonyesha maumivu.

"Na huu?" aliuliza.

"Huu ni wa kurushia, Mzee. Hauvai kitu."

"Mungu auvishe," alisema Hopkin, na hiyo ndiyo ilikuwa baraka, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Walitoka uani wawili. Pale nyuma ya banda la ngozi, Gwenllian alimshika kola ya koti, lile la kanisani, bado lina vumbi la Cincinnati.

"Umekataa chai yangu," alisema.

"Nimekataa."

"Bado nina hasira nawe."

"Nirudi niikute?"

"Uikute. Ukichelewa itakuwa imezaa." Alikuwa anacheka, na machozi hayakumngoja amalize kucheka. "Ule mkono wa kulia uufiche nyuma ya mgongo mpaka lazima ikulazimishe. Uniahidi. Na ahadi zako sasa nazijua bei yake, kwa hiyo usiahidi harakaharaka."

Idwal aliwaza kweli, kama alivyoombwa, ingawa filimbi ya kwanza ilikuwa imekwisha kulia. "Nitauficha kila nitakapoweza," alisema.

"Hiyo naichukua."

Akakimbia. Lango likalia nyuma yake, na Gwenllian akabaki akiisikiliza miguu yake ikishuka mtaani, mpaka ikachanganyika na kwato za farasi, mpaka haikuwapo. Kisha ikaja filimbi nyingine, safari hii upande wa mashariki. Mwezi mzima alikuwa amesikiliza magharibi. Itambidi sasa aizoeshe shingo yake upande mwingine.

"Ingia, mwanangu," alisema Bibi Marged mlangoni. "Dirisha la mashariki halijawahi kufunguliwa tangu tuhamie. Nitalipaka mafuta bawaba."

Ndani Hopkin alikuwa bado amekaa, msharasi mkononi, anaimba chini kwa chini wimbo wa Jumapili siku ya Jumatatu.

Mola wape wabakio
subira na kimbilio,
na waendao kwa mbio
kwao uwarejeshee.